Mhisi wa Mzee Ambilikile

1

"Tatu," alisema Nyamizi.

Alilitamka neno hilo bila kutetereka, kama mwanafunzi anayeitikia jina lake darasani. Wauguzi wawili walikuwa wamemshika Mzee Ambilikile Mwakalinga, mmoja mabegani na mwingine kiunoni, wakimgeuza kutoka ubavu wa kushoto kwenda wa kulia, huku mashine ya kunyanyulia ikinung'unika juu ya kitanda. Mzee mwenyewe hakutoa hata mguno. Uso wake ulikuwa vilevile ulivyokuwa tangu kiharusi kilipompiga: macho nusu wazi, mdomo umeenda upande, shavu limelegea. Usingejua kama mwenyewe yumo ndani au alishahama.

Ndiyo maana Nyamizi alikuwepo. Katika kisogo cha Mzee zilipandwa mbegu za chuma ndogo kama ulezi, na katika kisogo cha Nyamizi, chini ya nywele zilizosukwa, ulibandikwa utepe wa kijivu. Alichohisi mwili wa Mzee, alikihisi Nyamizi. Kiu ikimshika Mzee, Nyamizi aliita maji. Mgongo ukianza kuuma mahali ambapo ngozi bado haijachubuka, Nyamizi aliwaonyesha pa kupaka mafuta. Mgonjwa asiyeweza kusema alipata wa kumsemea, na watu wa kazi hiyo waliitwa wahisi.

Jambo moja tu mashine hazikuweza kulipima: maumivu yanauma kiasi gani. Hilo lilitajwa kwa mdomo, kuanzia moja hadi tano.

"Tatu," alirudia Nyamizi muuguzi alipounyoosha mguu wa kulia wa Mzee. Muuguzi akagusa kioo cha ukutani, akaweka alama, wakamfunika mgonjwa wao na kutoka.

Sekela, binti wa Mzee, alikuwa amesimama upande wa miguuni na chupa ya chai mkononi. Alikuwa mwonja chai katika kiwanda cha bondeni. Kazi yake ilikuwa kusikia kwa ulimi kile ambacho wengine hawakisikii, na mazoea hayo yalikuwa yamemfanya awe mtu wa kutazama vitu vidogo. Sauti ya yule msichana ilikuwa tulivu, lakini viganja vyake vilikuwa vimefumbwa mapajani. Alipovifumbua, Sekela aliona alama za kucha zimezama katika nyama, na mojawapo inatoka damu.

"Nyamizi," aliita, "hiyo ni tatu?"

Nyamizi alifuta kiganja kwenye sketi. "Ni tatu, dada."

"Mkono unatoka damu."

"Nilijikwaruza kwenye kiti."

Sekela alimmiminia chai, ile ya chipukizi za kwanza baada ya mvua, ambayo wateja wa mbali waliigombania. Nyamizi aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote kwa mkupuo, na mvuke bado unatoka. Hakupuliza wala hakukunja uso. Alirudisha kikombe na kusema asante, kama mtu aliyekunywa maji ya bombani.

2

Familia ilikuwa na sababu ya kuichagua nyumba hiyo, Nyumba ya Uuguzi Tulivu, iliyojengwa kwenye mteremko juu ya mji wa Tukuyu.

Mzee Ambilikile alipoanguka, Sekela na kaka yake Asajile walizunguka kutafuta pa kumweka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mashine tupu: vitanda vinavyojigeuza na mikono ya mpira inayoosha watu, na sauti ya kike iliyorekodiwa ikisema "pole" kila baada ya muda. Sekela alimwona pale bibi mmoja ambaye shuka lake lilikuwa limejikunja chini ya goti. Lilikuwa limembana kwa muda gani, hakuna aliyejua. Alitoka nje bila kuaga.

Nyumba ya pili ilikuwa wodi ya chini, ya usingizi wa tiba. Huko wagonjwa walilazwa kimya kwa dawa, safu kwa safu, wakilishwa kwa mpira mpaka Mungu awaite. Asajile aliipenda. Alikuwa fundi wa visima vya mvuke kule kwenye mlima wa Ngozi, mtu wa kazi na mahesabu, na alisema waziwazi: "Kule hateseki, na sisi hatuumizani. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba Tata hajafa," alijibu Sekela. Tata ndivyo walivyomwita baba yao.

Ndipo wakafika Tulivu, nyumba yenye wahisi. Gharama yake ilikuwa kubwa. Bima ya taifa ililipia kitanda na dawa, lakini ujira wa mhisi ulikuwa juu ya familia, na Asajile alikubali kuchangia kidogo tu, tena kwa kuguna. Kilichobaki kilibebwa na ulimi wa Sekela. Waonja chai walikuwa wachache, na kiwanda kilimlipa vizuri.

Sheria ya wahisi walisomewa siku ya kwanza na muuguzi mkuu, Sista Gwantwa, mama mrefu mwenye sauti kavu aliyeingia kazini kabla tepe hazijabuniwa. Mhisi wa kuajiriwa hakuruhusiwa kubeba zaidi ya daraja la tatu. Maumivu yakifika la nne na kukaa, utepe unavuliwa siku hiyohiyo, maana zamani wahisi waliachwa wakabeba mpaka wakarukwa na akili. Na mgonjwa asiyesema hakuruhusiwa kulala macho bila mhisi, maana huko ni kumtelekeza. Basi ilibaki milango miwili: ndugu wa damu avae utepe mwenyewe, au mgonjwa ashushwe wodi ya chini.

"Na ndugu akivaa?" Sekela aliuliza.

"Ndugu haulizwi daraja. Anabeba kwa hiari yake," alisema Sista Gwantwa. "Lakini mwili hausikilizi nyumba mbili kwa wakati mmoja. Ukiuzoesha wa mwenzio, wako unaanza kunyamaza. Baada ya wiki chache vidole vinakufa ganzi, pua inaziba. Ladha ndiyo inayotangulia kuondoka, na mara nyingi hairudi."

Sekela aliuhisi ulimi wake mdomoni kama kitu kigeni. Akiuvaa utepe angeupoteza ulimi, na ulimi ukipotea ujira nao ungepotea, na kitanda hiki pamoja nao. Siku ile alishukuru kimoyomoyo kwamba kuna msichana kutoka Sikonge aliyetaka kazi. Hakujiuliza sana msichana huyo angelipa nini.

3

Alimkuta Nyamizi uani, nyuma ya jiko, wakati wa mapumziko ya mchana. Mapumziko ya mhisi hayakuwa ya kuvua utepe. Yalikuwa ya kutoka tu chumbani na kuona anga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Nyamizi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameegemea ukuta kwa upande wa kushoto, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama mtu aliyeteguka.

Sekela alichuchumaa mbele yake. "Chai niliyokupa ilikuwa ya moto wa kuunguza. Hukuisikia."

"Sisikii ladha siku hizi. Wala joto la mdomoni."

"Hayo niliambiwa siku ya kwanza, nikayasahau makusudi, mdogo wangu, unisamehe. Sasa niambie ukweli. Ni daraja gani?"

Nyamizi alitazama mlango wa jiko.

"Tano."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Upande wote wa kulia, dada. Ile mishipa iliyokufa haikufa, imegeuka moto. Shuka likimgusa tu, moto."

Sekela alisimama, akachuchumaa tena. Hasira ilimpanda na kukosa pa kutua. "Baba yangu anaungua mwezi wa pili na wewe unataja tatu? Dawa wanampa ya tatu! Umemnyima dawa!"

"Dawa ya nne ni ile ya kumlaza!" Nyamizi alisema kwa sauti ya chini iliyokwaruza. "Hakuna nyingine juu ya hii anayopewa. Nikitaja nne, kesho yuko chini na bomba puani, haamki tena. Dada, babu yumo. Yumo kabisa. Ananijibu."

"Anakujibu vipi? Utepe hauleti mawazo."

"Hauleti. Unaleta mwili. Anasukuma ulimi nyuma ya meno ya juu. Usoni huoni kitu, shavu limekufa, lakini mimi nausikia. Mwanzoni nilidhani ni mshtuko wa misuli tu. Siku moja nikamwuliza kama anataka dirisha lifungwe, akasukuma. Nikamwuliza kama anataka nilifungue, akatulia. Tangu hapo tunaongea. Akikubali anasukuma, akikataa anauacha ulimi."

Sekela aliusukuma ulimi wake mwenyewe nyuma ya meno. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa tangu ujana, na tarumbeta hupigwa kwa ulimi kuliko kwa pumzi. Hilo alilijua kila mtoto wa nyumba ile. Hospitalini walimpima usemi mara moja tu, siku zile za mwanzo kichwa kikiwa bado kimevimba, wakaandika kwamba hasemi. Hakuna aliyerudia.

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeleta wapimaji. Mpimaji lazima auvae utepe yeye mwenyewe, na angekuta tano." Nyamizi aliinamisha kichwa. "Na nisikudanganye, dada. Sikumfikiria yeye peke yake. Nikivuliwa kwa daraja la nne siajiriwi tena popote. Nyumbani wanakula kwa shingo hii."

Jikoni sufuria lilianguka kwa kishindo. Nyamizi hakushtuka. Sekela alimtazama, binti wa watu aliyekuwa akiungua kwa niaba ya Mwakalinga, na kila mwisho wa mwezi Sekela alikuwa amelipa na kupewa risiti.

"Nipe huo utepe," alisema.

4

Utepe hauchagui shingo. Nyamizi aliufungua chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na ulipotoka kisogoni alishika ukuta na kuvuta pumzi ndefu iliyokatikakatika, kama mtu aliyeibuka majini. Sekela aliinamisha kichwa. Kitu baridi kilimgusa kisogoni.

Kwanza hakikuja kitu. Kisha ubavu wake wa kulia ukatumbukizwa katika mafuta yanayochemka.

Hakupiga kelele, kwa kuwa pumzi haikutosha. Alijiona anashuka sakafuni akishika mguu wa kitanda. Haikuwa kama kuungua jikoni, ambako mkono hukimbia wenyewe. Huku hakukuwa na pa kukimbilia. Moto ulianza kwenye unyayo, ukapanda pajani, ukazunguka mbavu, ukakaa begani, na juu ya moto huo shuka jepesi la pamba lilimwasha kama upupu. Machozi yalimtoka, na hakujua ni yake au ya nani.

"Vuta pumzi taratibu," alimnong'oneza Nyamizi, kama kwa mbali. "Usishindane nao. Hautapungua, lakini utaujua."

Alivuta pumzi. Moto haukupungua. Lakini baada ya kitambo aliweza kuona chumba tena, na akauona uso wa baba yake juu yake, mtulivu kama wa mtu anayesubiri mhubiri amalize.

"Tata," alisema. "Ni mimi, Sekela. Unanisikia?"

Mdomoni mwake ulimi wake ulikuwa umetulia. Hata hivyo alihisi ulimi ukisukuma nyuma ya meno ya juu, mara moja, kwa nguvu.

Alicheka na kulia kwa pamoja. Aliuliza mambo ya kipuuzi: kama mvua imenyesha, kama chakula cha hapa kibaya. Ulimi ulisukuma. Aliuliza kama yeye Sekela anaitwa Tumpe. Ulimi ukatulia. Ndipo akauliza lililomleta.

"Tata, kuna wodi ambako watakulaza usingizi usisikie maumivu. Hutaamka. Unataka?"

Kimya. Moto tu.

"Hutaki?"

Ulimi ulisukuma hata meno yakauma.

Sekela alifumba macho. Lilikuwa limebaki swali moja, la Nyamizi mwenyewe, na kabla hajafungua mdomo Nyamizi alikwishalitambua. Alikuja akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Usimwambie."

Sekela aliuvua utepe. Moto ulikatika ghafla, na ubavu wake ukabaki mwepesi kiasi cha kutisha. Walisogea hadi dirishani, wakanong'ona.

"Hajui kwamba unahisi?"

"Anadhani ninausikia ulimi tu, na madaraja nayakisia. Anadhani moto ni wake peke yake. Ndiyo maana anavumilia, dada. Babu ana kiburi cha kuvumilia, nakisikia kifuani kwake kila asubuhi wanapomgeuza. Ukimwambia kuna mtoto wa watu anaungua naye, atasema mlazeni. Hatakuwa amechagua. Utakuwa umemsukuma."

"Na akibaki hajui, amechagua nini?"

"Amechagua kuishi!"

"Kwa mgongo wako. Bila kuombwa ruhusa yeye wala kuulizwa wewe."

"Mimi niliulizwa. Nilitia saini."

"Ulitia saini ya tatu, Nyamizi. Si ya tano."

Nyamizi alijisugua mguu wa kulia ambao sasa haukuwa na kitu, kama anautafuta.

Sekela alijua kwamba angeweza kukaa kimya. Angeweza kumrudishia msichana utepe, akarudi kiwandani, na kila kitu kikaenda kama kilivyokuwa: baba yake macho, ulimi wake salama, tatu, tatu, tatu. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia likiwa tamu, na utamu wake ndio uliomtisha.

Aliubandika utepe tena, moto ukarudi, na akaongea haraka kabla ujasiri haujamwisha.

"Tata, huyu Nyamizi hausikii ulimi wako tu. Anasikia mwili wote. Huo moto anao nao. Kila siku, tangu ulipoanza. Na sasa hivi ninao mimi."

Alidhani alikuwa ameshajua kila kitu ambacho mwili ule ungeweza kumletea. Kumbe bado. Moyo uliruka, ukapiga vibaya. Joto jingine, si la ugonjwa, lilipanda kutoka kifuani hadi masikioni. Sekela alilitambua. Ilikuwa aibu, aibu ya mtu mzima aliyekutwa uchi na watoto wake. Akatamani angeyarudisha maneno yake.

Nyamizi alikuwa amegeukia ukuta.

"Unataka Nyamizi avuliwe?" Sekela aliuliza hatimaye.

Ulimi ulisukuma.

"Nivae mimi badala yake?"

Kimya.

"Tata, mimi ni mwanao. Nivae mimi?"

Ulimi ulilala mdomoni mwa Mzee kama jiwe.

"Basi ulazwe?"

Kimya kilekile.

"Hutaki kulazwa, na hutaki yeyote akuhisi. Unataka kubaki macho, peke yako, na moto wako. Ndivyo?"

Ulimi ulisukuma, ukapumzika, ukasukuma tena.

Mlango ulifunguliwa. Sista Gwantwa alisimama kizingitini, macho yake yakatoka kwenye shingo tupu ya Nyamizi hadi kwenye shingo ya Sekela.

5

Sista Gwantwa hakupaza sauti. Aliuchukua utepe, akauweka kisogoni mwake mwenyewe kwa mkono wa mtu aliyezoea, akasimama wima akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Rangi ilimtoka usoni. Aliuvua na kuukunja kiganjani.

"Tano," alisema. "Nyamizi, kazi yako hapa imekwisha. Nitaandika kwamba uliumia kazini ili upate matibabu. Zaidi ya hapo siwezi." Kisha akamgeukia Sekela. "Namwita kaka yako. Leo hii lazima tuchague mlango."

Asajile alifika jioni ile, buti zake zikiwa na matope meupe ya visimani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitini mwa Nyamizi na kushika kichwa.

"Miezi miwili," alisema. "Mungu wangu. Tumlaze, Sekela. Leo. Unasubiri nini tena?"

"Hataki, kaka."

"Nani amekwambia? Utepe? Huyo msichana alidanganya madaraja, atashindwa kudanganya kuhusu ulimi? Na wewe uliuvaa kwa mara ya kwanza huku unalia. Ungeweza kusikia chochote ulichotaka kusikia."

"Kisheria kaka yako ana haki," Sista Gwantwa alisema. "Neno lililopita kwenye utepe si ushahidi. Mhisi anaweza kujidanganya, sembuse mtoto wa mgonjwa."

"Kwa hiyo ajibu kwa nani?" Sekela alisikia sauti yake ikipanda. "Mmempandia vyuma, mmemvalisha watu, mmemwekea mashine ya kumgeuza na mashine ya kumpiga mswaki. Ulimi uko pale mdomoni! Hakuna mtu katika nyumba hii anayeweza kuugusa kwa kidole?"

Sista Gwantwa alimtazama Mzee kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Kisha alikwenda kwenye beseni, akanawa, akavaa glavu, akapitisha kidole cha shahada katikati ya midomo iliyopinda hadi nyuma ya meno ya juu.

"Mzee Mwakalinga," alisema kwa sauti ya wodini, ile ya zamani. "Mimi ni Gwantwa, muuguzi. Kama unanisikia, sukuma kidole changu."

Asajile alikuwa amesimama. Sekela hakuona kitu, maana hapakuwa na cha kuona; aliona tu mabega ya Sista yakishuka.

"Wewe ni mwanamke?" aliuliza Sista. Alisubiri. "Umezaliwa Mbeya mjini?" Alisubiri. "Umezaliwa Masoko, kama faili linavyosema?" Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Anajibu," alisema. "Mbele za Mungu, anajibu."

"Ngoja," Asajile alisema. Alinawa na kuvaa glavu kwa papara hata moja ikachanika, akavaa nyingine. Aliinama juu ya baba yake, akaingiza kidole kwa woga kama anayemlisha mtoto mchanga. "Tata. Ni Asajile. Unaumwa sana?"

Alishtuka.

"Tukulaze upumzike? Hutasikia kitu, Tata. Nakuomba." Alisubiri muda mrefu, jasho likimtoka. "Hapana? Hutaki?" Akashtuka tena, akakitoa kidole haraka kama aliyegusa chuma cha moto, akatoka kwenda kwenye korido. Walimsikia akitembea huku na huku.

Sista Gwantwa alivua glavu. "Mgonjwa anayesema hahitaji mhisi, wala hawezi kulazwa bila ridhaa yake. Huo ndio mlango wa tatu, na mimi niliusahau." Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo Sekela hakuwahi kumwona akilifanya. "Lakini usifurahi haraka, binti. Mgonjwa anayesema lazima aulizwe. Kiu, mkojo, mguu, shuka, dawa imefanya kazi au haijafanya. Usiku na mchana. Zipo dawa nyingine za mishipa ambazo hatuwezi kumjaribishia mtu asiyesema, na sasa tutamjaribishia, moja moja, mpaka tupate inayopunguza. Inaweza kupatikana, inaweza isipatikane. Na nani atamwuliza? Nina wauguzi wawili tu kwa upande huu wote. Nyumba hii imejengwa juu ya mashine na wahisi. Vidole sina."

"Asubuhi naonja chai," Sekela alisema. "Mchana na jioni nitakuwa hapa."

"Na usiku?"

Mlangoni Asajile alikuwa amerudi, macho mekundu. Hakuingia.

"Usiku nitakuja mimi," alisema. "Si kila usiku. Visima haviachwi. Usinibane, Sekela."

"Sikubani, kaka."

"Na zile siku nisipokuja?"

"Tutamtafuta mtu. Wa kumwuliza, si wa kumwungulia."

Sekela alimtazama Nyamizi, aliyekuwa anafunga kanga zake kwenye begi pembeni. Swali lilikuwa wazi usoni kwake hata kabla hajalisema. Nyamizi alitikisa kichwa.

"Siwezi, dada. Nisamehe. Sasa hivi hata nikishika kitasa cha mlango mwili unashtuka. Siwezi kumgusa mtu." Alitupia begi begani, bega la kushoto, kisha akasimama. "Ukimwuliza, anza na mguu. Bega linapiga kelele, lakini moto unaanzia mguuni. Na dirisha anapenda liwe wazi, hata kukiwa na baridi."

Alimwinamia Mzee kidogo, kwa heshima ya kwao, bila kumgusa. Akatoka. Sekela alitaka kumkimbilia, amwambie neno, lakini kila neno alilolifikiria lilikuwa dogo. Hatua zake zilisikika zikishuka ngazi, mguu wa kulia bado ukiburutwa kidogo, ingawa haukuwa na maumivu tena.

Asajile alikwenda kufungua dirisha. Ukungu uliingia na harufu ya majani mabichi. Sekela alivuta kiti, akanawa mikono, akavaa glavu. Sasa hakuwa na utepe. Ubavu wake ulikuwa mzima, mwepesi, na chochote kilichokuwa kikiwaka upande wa pili wa shuka lile hangekijua tena ila kwa kuuliza. Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kukaa karibu hivi na kutokisikia.

Aliingiza kidole katikati ya midomo ya baba yake.

"Tata, inauma?"

Ulimi ulisukuma.

"Mguu?"

Ulisukuma.

"Nimwite Sista alete dawa mpya tujaribu?"

Ulisukuma tena, kwa nguvu zaidi.

Asajile alikwishatoka kwenda kumwita. Sekela alisikia hatua zake zikiharakisha koridoni. Alitaka kukitoa kidole, asimchoshe mgonjwa.

"Nikuache upumzike kidogo?"

Ulimi ulitulia. Alisubiri, akadhani amelala.

"Nibaki hapa?"

Ulimi ulikikandamiza kidole chake dhidi ya meno, na safari hii haukukiachia.